Boriti ya Chumba cha Kina Mama

Byabato hakupenda kuitwa Byabato. Alipenda kuitwa Mtaalamu, na mtu akimwita kwa jina tupu alijitia hamnazo mpaka aitwe vizuri. Usimcheke mapema. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mkoa wetu ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, kijana aliyesoma akarudi kwao na suruali iliyopigwa pasi alikuwa mali ya watu wote, na watu wote walimvimbisha kichwa. Naye alikubali kuvimbishwa. Alikubali mno.

Kazi yake ilikuwa kupima nguvu za mbao bila kuzivunja. Maana kuvunja mbao ili ujue ilikuwa na nguvu kiasi gani, hiyo hata mlevi anaweza, na ukishamaliza huna mbao. Chuoni kwao kulikuwa na mashine ya kupitisha mlio ndani ya ubao: mlio ukiwahi kutokea upande wa pili, ubao ni mzima, ukichelewa, kuna ugonjwa humo ndani. Lakini mashine ilibaki huko huko chuoni. Bukoba alipewa futi ya chuma, uzi, nyundo yenye muhuri, na vyuma vizito vya kupimia.

Kwa hiyo alipima kwa kupinda. Boriti inalazwa juu ya magogo mawili, uzi unavutwa kutoka ncha hadi ncha, uzito unawekwa katikati, halafu unasoma kwa futi imebonyea kiasi gani. Ikibonyea kidogo, ni ngumu, itabeba paa. Ikibonyea sana, ikapasuliwe kuni au itengenezewe viti. Uzito ukiondolewa, boriti inarudi ilivyokuwa, haina hata mkwaruzo. Kazi safi kabisa, na Byabato aliijua vizuri.

Taabu ilianzia Kaagya, kwenye ujenzi wa shule. Siku hiyo lori lilikosa petroli, vile vyuma vikabaki mjini. Byabato akaona asiwaangushe watu. Akawapima wanafunzi kwenye mizani ya kahawa, mmoja mmoja, akawakalisha juu ya boriti wamejipanga kama ndege, miguu inaning'inia, akasoma futi yake. Lo! Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ofisa mmoja akasema huo ndio ujamaa wenyewe, wananchi kupima mbao zao kwa miili yao. Tangu siku hiyo Byabato hakutaka tena kusikia habari za vyuma. Vyuma havipigi makofi.

Basi kijijini kwao, upande wa Muleba, wakawa wanajenga zahanati. Wanawake walikuwa wamechoka kubebwa kwenye machela hadi hospitali ya mbali huku uchungu umeshawashika, na mwaka uliotangulia mmoja alifia njiani. Kwa hiyo chumba cha kwanza kujengwa kilikuwa cha kina mama wanaojifungua, na juu yake ilitakiwa boriti moja ndefu ya kubeba paa zima. Fundi alikuwa Muhidini, mtu wa Bukoba mjini, mwenye mdomo mkali na mkono wa uhakika. Boriti aliileta yeye. Na wa kuipima, nani mwingine? Mtaalamu, mtoto wa nyumbani.

Siku ya kupima, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Mke wa Byabato, Celina, alikuwepo pia, maana yeye hakuishi mjini. Alibaki kijijini kwenye kibanja cha mkwewe, akilima, akimlea binti yao Joviana na kumtunza mzee. Na mzee mwenyewe, Ishengoma, baba yake Byabato, alikuja amevaa kanzu na koti, na fimbo yake mkononi. Alikuwa mtu mwenye mwili, mzito kuliko wote pale. Byabato akataka kumpa heshima mbele za watu, akamwita wa kwanza.

"Tata, wewe ndiye utufungulie."

Mzee akapimwa kwenye mizani, akakaa ncha moja ya nafasi ya katikati, fimbo ameisimika mbele yake. Watu wakacheka kwa furaha. Wakafuata wanaume wengine. Uzito ukawa bado hautoshi, ndipo Datius, mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mnadani, akadakia.

"Na kina mama je? Chumba ni cha nani? Mke wa Mtaalamu atuonyeshe mfano!"

Vigelegele. Celina akasimama pale pale alipokuwa, akamtazama mumewe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeona mtoto anachezea kisu.

Maana kwao, na kila mtu pale alilijua hili, mkwe na mkamwana hawakalii kitu kimoja. Si mkeka, si benchi, si gogo la jikoni. Mkamwana akimkuta baba mkwe amekaa, huchuchumaa chini pembeni. Ni heshima iliyo ndani ya damu, hakuna anayehitaji kuifundisha. Byabato aliijua toka anyonye. Ila makofi yalikuwa yameshamwingia kichwani, na Datius alikuwa ameanza kuimba.

"Kaa tu, Celina," akasema kwa sauti ya ofisini. "Hii ni mbao, si kiti."

Jamani! Yaani mtu mzima na akili zake, anamwambia mkewe hivyo mbele ya baba yake mzazi! Celina akapimwa, akaenda ncha ile nyingine, mbali na mkwewe kadiri ilivyowezekana, akajiweka. Wengine wakakaa kati yao. Kwa kuwa kulikuwa na wazee na wanawake, Byabato hakusema miguu iinuliwe kama alivyowaambia wanafunzi wa Kaagya. Angesemaje? Miguu yote ilibaki imekanyaga chini.

Akainama kusoma futi. Na alipoinama ndipo akaona. Misuli ya miguu ya Celina ilikuwa imetuna kama ya mtu aliyebeba mkungu wa ndizi mlimani. Kanga yake iligusa boriti, lakini yeye hakuikalia. Alikuwa amejiinua, anatetemeka, jasho linamshuka, macho ameyafumba.

Byabato aliona, akaelewa. Uzito wa Celina ulikuwa ndani ya hesabu, lakini haukuwa juu ya boriti. Kipimo kilikuwa kimeharibika. Alitakiwa kusimama na kusema: shukeni, turudie. Lakini angetoa sababu gani? Kwamba amemkalisha mkewe pamoja na baba yake, na mke ana adabu kuliko yeye? Aibu ikamchoma hadi masikioni. Upande wa baba yake hakutazama kabisa. Alishindwa. Akasoma futi haraka, akawaambia washuke, akajifanya anakunja uzi huku akipiga hesabu kichwani: toa uzito wa Celina, uliobaki unatosha? Ulitosha, kwa unywele tu, na boriti ilikuwa imebonyea kidogo: imepita.

Basi akachukua nyundo akaipiga muhuri. Watu wakashangilia. Celina alikuwa ameshaondoka.

Usiku huo hawakuongea, na asubuhi Byabato akarudi Bukoba, kwenye chumba chake cha kupanga Kashai. Akajiambia yameisha. Boriti inafaa, hesabu imekubali, aibu ni kitu cha kupita. Lakini kila alipopima mbao nyingine aliona ile miguu inatetemeka, na uso ukamwaka peke yake ofisini. Akarudia kutumia vyuma. Waliomwuliza kwa nini aliwajibu kwa ukali.

Sherehe ya ufunguzi ikapangwa siku ya Saba Saba. Byabato alifika kijijini mchana wa siku iliyotangulia. Paa lilikuwa limeshakamilika, mabati yanameta hadi unayafumbia macho. Baba yake alimpokea vizuri kupita kawaida. Jioni akamketisha sebuleni, akamwekea kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akampa buni za kutafuna, akafunga mlango wa nyuma. Byabato akajua kuna neno.

"Mwanangu," mzee akaanza, "siku ile ulinitia majaribuni."

Byabato akainamisha kichwa. "Tata, nilikosa. Sijui niseme nini."

"Usiseme. Nimekuita nikupe moyo, maana naona unatembea kama mgonjwa. Sikukuangusha." Mzee akasogea karibu, akapunguza sauti. "Nilipoona yule mtoto wa watu analetwa upande wa pili, nilishika fimbo yangu kwa mikono miwili, nikajiinua. Sikuikalia ile mbao hata kidogo. Magoti yaliniuma wiki nzima, lakini sijakalia kitu kimoja na mkamwana wangu, na Mungu shahidi. Heshima ya nyumba hii ipo. Kwa hiyo lala usingizi."

Akatabasamu, maskini, kama mtu aliyempa mwanawe ng'ombe.

Byabato akakiweka kibuyu chini. "Hukukaa kabisa, Tata?"

"Kabisa."

Mzee mzito kuliko wote pale! Byabato akapiga hesabu upya, mara moja, mara ya pili, akitafuta pa kuponea. Hapakuwepo. Toa Celina, toa na mzee, uzito hautoshi, boriti haijulikani. Huenda ni nzima, huenda ni mbovu, hakuna mtu duniani aliyeipima. Na kesho kutwa kuna mwanamke angelazwa chini yake.

"Tata," akasema, "uzito wako nilikuwa nimeuhesabu. Bila wewe kipimo ni bure. Inabidi ishushwe ipimwe tena."

Ishengoma alikuwa mzee, lakini hakuwa mjinga. Alielewa kila kitu, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Utawaambia nini watu?"

"Sijui."

"Niliyokuambia nimekuambia humu ndani," mzee akasema. "Watu waliona tumekaa, wakanyamaza kwa kutustahi. Tangu siku ile hakuna aliyenitajia. Ukilisema wewe kwa mdomo wako, limesemwa." Akanyanyuka akaenda kuwatazama mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa wameshafungiwa.

Asubuhi ya Saba Saba Byabato alimtafuta Datius mapema. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na maneno aliyoyapata, aibu yake, yalikuwa ya uongo. Alimkuta mwenyekiti uwanjani na watu wamekwisha kujaa, Muhidini akiwa pale na suti yake, amejipaka mafuta kwa ajili ya mgeni rasmi.

"Ndugu Mwenyekiti, sherehe isogezwe. Ile boriti ishushwe. Nina wasiwasi ina wadudu."

"Wadudu?" Muhidini akaruka. "Wadudu gani? Boriti ile niliichagua mwenyewe nikaikausha kivulini kwangu. Mtaalamu, uliipiga muhuri wewe kwa mkono wako! Leo ndiyo ina wadudu?"

"Wakati ule hawakuonekana," Byabato akasema, macho chini.

Datius akamgeukia fundi, uso umebadilika. Miaka ile kulikuwa na neno moja ambalo likikuangukia umekwisha, na Datius alilijua na alilipenda. "Kumbe tunahujumiwa!" akapaza sauti watu wote wasikie. "Tunaletewa mbao mbovu kutoka mjini, kina mama zetu wafe! Fundi, utaeleza mbele ya polisi."

Watu wakaanza kunguruma. Mtu mmoja akamshika Muhidini koti. Fundi hakupigana. Alimtazama Byabato tu.

"Mtaalamu," akasema polepole, "mimi nina wake na watoto Bukoba. Nimekukosea nini?"

Hapo Byabato aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona. Ile ya kwanza ilikuwa ya mpumbavu. Hii ilikuwa ya mtu mbaya. Akatamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ya kwetu ni mwamba chini, haipasukii mtu.

"Mwacheni," akasema. "Hakuna wadudu. Nimesema uongo. Kosa ni langu mimi."

Aliyemshika fundi koti akaliachia.

"Siku ile nilipopima, boriti haikubeba uzito niliouhesabu. Waliokaa juu yake hawakukaa wote."

"Nani hakukaa?" Datius akauliza. "Sote tuliwaona wamekaa."

Byabato akageukia upande wa wanawake. Celina alikuwa amesimama na wanawake wenzake, ndoo ya maji imeshushwa miguuni. "Mke wangu," akasema. "Alijiinua. Nilimwona, nikajitia sikuona."

Wanawake wakatazama chini. Walijua kwa nini alijiinua. Nani asijue? Muhidini, aliyekuwa anajinyoosha koti, akasema kwa uchungu, "Kwa ajili ya mwanamke mmoja ndiyo unibomolee paa? Boriti ile ilikuwa imebeba watu tele. Mmoja akipungua ndiyo imekuwa mbovu?"

Na alikuwa na haki kuuliza. Kila mtu akasubiri. Byabato akainua macho akamtafuta baba yake, akamwona amekaa kwenye kiti cha wazee, mstari wa mbele, amevaa kanzu ile ile. Mzee alimtazama moja kwa moja, akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Hakuwa anamkataza. Alikuwa anamwomba.

"Na Tata," Byabato akasema. "Tata naye hakukaa. Alijiegemeza kwenye fimbo ili asikalie kitu kimoja na mkamwana wake. Mimi ndiye niliyewakalisha. Wao walifanya adabu. Mimi ndiye sina."

"Yesu na Maria!" akasema bibi mmoja nyuma. Halafu kijana fulani, sijui aliona picha gani kichwani ya mzee mnene ananing'inia kwenye fimbo, akacheka. Akazibwa mdomo na mama yake, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na wengine wawili watatu kikawaponyoka. Ishengoma hakusogea. Alitazama mbele tu, mikono juu ya magoti. Alikuwa mwenye sauti katika kijiji kile tangu wakati wa mkoloni, mtu wa kuamua kesi za mipaka na za ndoa, na mwanawe alikuwa amemvua nguo hadharani.

Mgeni rasmi akatumiwa mtu wa kumwomba asubiri Muleba. Muhidini na vijana wakapanda, wakang'oa mabati ya katikati, wakaishusha boriti kwa kamba, fundi akitukana kwa kila msumari. Safari hii hapakuwa na mtu wa kukaa. Magunia yalijazwa mchanga na kupimwa kwenye mizani ya kahawa, kisha yakapangwa juu ya boriti moja baada ya jingine. Byabato alipiga magoti, uzi umevutwa, futi mkononi. Watu walimzunguka, na hakuna aliyepiga kofi.

Gunia la mwisho likawekwa. Na hapo, akiwa amepiga magoti, midomo yake ikawa inacheza. Celina alikuwa amesimama karibu na bega lake, akamwona.

Byabato akasoma. Akafuta jasho machoni, akasoma tena. Boriti ilikuwa imebonyea kidogo mno. Ilikuwa ngumu kama chuma. Hata wangekuwa wote wamekaa siku ile, mzee na mkamwana na nusu ya kijiji, ingepita bila hata kulalamika.

"Vipi?" Datius akauliza.

"Imepita," Byabato akasema. Akaiweka futi chini, akarudia. "Imepita. Ni nzima."

Muhidini akatema mate pembeni. "Si nilisema? Nilisema mimi!"

Watu wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Ishengoma. Mzee akanyanyuka kwenye kiti chake, akajitengeneza kanzu. "Imepita?" akamwuliza mwanawe, kama mtu anayeuliza habari ya mvua.

"Imepita, Tata."

"Vizuri. Kina mama watalala salama." Akaishika fimbo yake, akaitazama, kisha akaiacha imeegemea kile kiti, akaondoka bila fimbo. Hakupita barabarani. Alipita njia ya nyuma, katikati ya migomba, akienda polepole kwa ajili ya magoti yake. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Vijana wakaanza kuyaondoa magunia. Byabato alibaki amepiga magoti pale pale, kana kwamba bado kuna kitu cha kusoma. Celina akachuchumaa pembeni yake.

"Baba Joviana," akasema kwa sauti ya chini, "ulikuwa unaomba nini?"

Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema aliwaombea kina mama watakaolala humo, na mwanamke mwingine angemwamini.

"Ivunjike," akasema. "Niliomba ivunjike. Angalau Tata aaibike kwa faida."

Celina alitazama ile njia ya migombani, ambako hapakuwa na mtu tena. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Hata mimi," akasema. "Mungu anisamehe, hata mimi."

Muhidini akapiga kelele kutoka ukutani kwamba anataka watu wa kubeba, jua linaenda. Byabato akanyanyuka, akavua shati lake la ofisini, akaweka bega chini ya boriti pamoja na wengine.